Tumechukua hesabu ya Naismith, tumeacha kazi yake

Mwezi wa saba ukifika, nyasi zimeungua, masomo yamesimama, na wenye kusomea Kindu ao Bukavu wanarudi nyumbani. Ni wakati ambapo mtu anatupa wazo: twende tutembee milima ya Kabambare siku moja, tupite vilele vitatu ao vine, jioni turudi. Wazo ni zuri. Shida inaanza pale mpango unapoandikwa. Mtu anafungua telefoni, anagusa karta mara nne, anapata namba: kilomita 12, kupanda mita 900, masaa matatu na dakika 54. Na watu wanaiamini ile 54 kama vile imeshuka mbinguni.

Haikushuka mbinguni. Ilitoka Uskoti, mwaka 1892. Leo ninataka tuisome ile kanuni kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote: nani aliandika, aliandikia nani, aliweka sharti gani, na siye tumeangusha nini njiani. Ninasema wazi toka mwanzo: kanuni haiko mbaya. Usomaji wetu njo mbaya. Tumechukua hesabu ya yule mtu, tumeacha kazi aliyoifanya ili aipate.

Maandishi yenyewe

William Naismith alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wapanda milima cha Uskoti, kilichoanza mwaka 1889. Mwaka 1892 alitembea siku moja juu ya vilele vitatu: Cruach Ardrain, Stobinian na Ben More. Aliporudi aliandika maneno machache tu katika jarida la chama. Alisema alikwenda maili 10, akapanda jumla ya futi 6,300, akatumia masaa sita na nusu, mapumziko mafupi yakiwa ndani. Halafu akaona kwamba ile saa inalingana na hesabu rahisi: saa moja kwa kila maili tatu za karta, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda.

Fanyeni hesabu wenyewe. Maili 10 kugawanya kwa tatu ni masaa matatu na dakika 20. Futi 6,300 kugawanya kwa 2,000 ni masaa matatu na dakika 9. Jumla masaa sita na dakika 29. Kwa vipimo vyetu vya leo watu wanasema kilomita 5 kwa saa, na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ile njo hesabu inayokaa ndani ya vitabu vingi vya wapanda milima, na ndani ya programu nyingi za telefoni, hata kama jina lake haliko juu.

Kama maandishi, ni kazi nzuri sana. Ni fupi. Inapimika. Mtu yeyote anaweza kuijaribu na kusema ni kweli ao ni uongo. Kuna vitabu vizima vya safari ambavyo havina sentensi moja ya namna hiyo.

Lakini angalieni masharti aliyoyaweka mwenyewe. Alisema hesabu yake ni ya wanaume wenye afya ya kutosha, kwenye matembezi mepesi. Hakusema ni ya kila mtu. Hakusema ni ya kila mlima. Hayo maneno mawili, afya na wepesi, ndiyo yanayoshika kanuni yote, na ndiyo ya kwanza kupotea mtu akiinakili. Namba imesafiri mpaka kwetu; masharti yalibaki Uskoti.

Kuna na mambo mengine ambayo hakuyaandika kwa sababu hakuwa na haja. Hakuhesabu saa ya kushuka. Hakusema habari ya giza: huko kwao, mwezi wa sita, mchana unapita masaa 17. Hakusema habari ya njia kufungwa na majani, kwa sababu milima ya huko imekuwa wazi, kondoo na baridi vimekula miti zamani. Hakusema habari ya kuomba ruhusa. Mwandishi haandiki kile ambacho msomaji wake anakijua tayari. Siye njo wasomaji wa mbali, kwa hiyo ni siye tunapaswa kukijaza.

Wengine waliokuja nyuma walijaribu kujaza. Eric Langmuir alisahihisha saa ya kushuka: kwenye mteremko wa polepole toa dakika 10 kwa kila mita 300, lakini kwenye mteremko mkali ongeza dakika 10 kwa kila mita 300. Kumbe kushuka kunaweza kukuchelewesha! Magoti ya mtu yeyote aliyeshuka na mzigo kichwani yangeweza kumwambia. Philip Tranter aliongeza hesabu ya nguvu na uchovu wa mtu. Na mwaka 1993 Waldo Tobler, mtaalamu wa jografia wa Marekani, alitoa hesabu yake, na ndani yake kuna jambo moja la maana kwetu: mtu akitembea nje ya njia, kasi yake inashuka mpaka sehemu tatu kwa tano. Kilomita 5 kwa saa zinakuwa 3.

Tuipeleke Kabambare

Haya, tuchukue tena ule mpango wa kilomita 12 na mita 900. Ni mfano tu, lakini unafanana na mingi. Naismith anasema masaa matatu na dakika 54. Kama nusu kubwa ya siku hatuko kwenye njia ya wazi, tuhesabu yote kwa kilomita 3 kwa saa: kilomita 12 ni masaa manne, na kupanda ni saa moja na nusu. Tayari masaa matano na nusu. Ongeza kushuka kwa mita 900 kwenye mteremko mkali: nusu saa. Ongeza dakika 20 juu ya kila kilele, vilele vitatu, saa moja. Ongeza chakula nusu saa, na maji na salamu nusu saa, maana hauwezi kupita katikati ya kijiji cha watu kama upepo. Tumefika masaa manane.

Sasa, kwetu jua halina mchezo. Kabambare iko karibu digri tano chini ya ikweta. Mchana ni karibu masaa 12 mwaka mzima, na jioni, saa kumi na mbili, mwanga unakwisha haraka. Hakuna ule mwanga mrefu wa jioni wa Ulaya. Kundi la vijana wanaosema tuonane saa moja asubuhi linaondoka saa tatu, tunajuana. Saa tatu ukiongeza masaa manane unafika saa kumi na moja jioni. Imebaki saa moja. Mmoja akiteguka mguu kwenye kilele cha tatu, ile saa moja imekwisha, na kundi zima liko juu ya mlima usiku, na telefoni bila reso.

Ile karatasi ya masaa matatu na dakika 54 haikusema uongo. Ilijibu swali ambalo hatukuuliza: mwanaume mwenye afya, mahali pepesi. Siye tuliuliza: kundi letu lote, mahali petu.

Shahidi wa zamani

Kwa bahati tuna maandishi ya mtu aliyepima milima yetu kwa miguu yake. David Livingstone alifika Bambarre, ambayo njo Kabambare, tarehe 21 mwezi wa tisa 1869. Daftari zake za mwisho zilichapishwa mwaka 1874, baada ya kufa kwake. Wengi wetu tulifundishwa jina lake shuleni na tukaachia pale. Mwenye kutaka kupanga njia ya siku moja angefanya vizuri kusoma zile kurasa za Manyema.

Anasema nini? Anasifu uzuri wa milima na mabonde, majani ya rangi mingi. Halafu anasema nyasi: zinapita kichwa cha mtu, futi 10 mpaka 12, karibu mita tatu na zaidi, na mashina manene. Pale njia ni ya tembo, si ya mtu. Weka hiyo ndani ya kanuni ya kilomita 5 kwa saa uone.

Halafu miguu. Katikati ya 1870 alijaribu kuendelea kaskazini na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Miguu ilimshinda. Tarehe 22 mwezi wa saba alirudi Bambarre na vidonda, akakaa ndani ya nyumba siku 80. Aliondoka Bambarre mwezi wa pili 1871. Yaani miezi saba karibu imekwenda pale, na siku 80 zake zilikwenda juu ya miguu. Alikuwa amevuka nusu ya Afrika, na matope na nyasi za kwetu zikamkalisha chini. Viatu si pambo la mpango. Viatu ni mpango.

Na la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa. Mwezi wa kumi na moja 1869 alishuka mpaka mto Luama akitafuta mtumbwi. Wenyeji walimkatalia. Walikuwa wameteswa na wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na huyu mgeni alikuwa anatembea njia zilezile. Akarudi. Mlima haukumzuia, na mvua haikumzuia. Watu walimzuia, na walikuwa na sababu. Mwezi wa saba 1871 kule Nyangwe, upande wa Kasongo, aliona kwa macho yake wafanyabiashara wakipiga watu risasi sokoni, akashindwa kuendelea na safari yake.

Kwa hiyo tusimsome kama shujaa, tumsome kama shahidi. Ushahidi wake unasema: kwetu njia inafungwa na nyasi, na miguu, na watu. Vitu vitatu, na kanuni ya 1892 haina hata kimoja.

Kuna na kipimo kingine cha zamani. Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake Kasongo, aliacha maisha yake kwa Kiswahili. Yeye anapima safari kwa siku. Siku ngapi mpaka kwa fulani, na kule kuna mtawala gani. Kuna wanaosema: ona, hicho njo kipimo chetu cha kweli, tutupe kilomita. Wapi! Sikubali. Zile siku zilipimwa kwa miguu ya wapagazi, na wengi wao hawakuchagua kutembea. Ni kipimo cha mwenye msafara, si cha mwenye mzigo. Tuchukue ndani yake jambo moja, kwamba safari inahesabiwa kutoka kwa watu mpaka kwa watu. Lingine tuliache pale lilipo.

Vilele vyenye majina ya watu wengine

Swali linalokuja: vilele gani? Hapa mambo iko magumu. Fungua ripoti za mgodi wa Namoya, upande wa Salamabila. Utakuta majina: Mwendamboko, Muviringu, Kakula, Namoya Summit. Yanatajwa kama mahali pa zahabu, pamoja na tani na gramu. Zahabu ya Namoya ilichimbwa toka wakati wa Wabelgiji. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa biashara pale mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Yaani neno lenye maana ya kilele limeingia ndani ya jina la shimo. Mtu wa Toronto angeweza kusoma urefu na ndani ya vile vilima kuliko mwanafunzi wa jografia aliyezaliwa karibu yake.

Sisemi tuweke Namoya ndani ya matembezi yetu. Ninasema kinyume. Karta ya telefoni itakuonyesha kilima na mstari wa njia, haitakuonyesha kwamba pale kuna wachimbaji wasiotaka kupigwa picha, walinzi, ao vijana wenye bunduki porini. Kwenye Kabambare miaka hii watu wamekimbia vijiji vyao mara nyingi. Mpango wa vilele unaoanza na urefu wa mlima umeanza vibaya. Unaanza kwa kuuliza: wiki hii, upande gani watu wanakwenda shamba bila woga? Kama mama wa kijiji hawaendi upande ule, na siye hatuendi. Na kama jibu ni kwamba hakuna upande, mpango mzuri ni kubaki nyumbani. Mpango usio na neno hapana ndani yake si mpango, ni tangazo.

Na wale wanaosema ni mambo ya wazungu?

Najua kuna wenye kusema: watu wanapanda milima kutafuta chakula na kuni, nyinyi mnapanda kutafuta nini? Ni swali la haki, tusilicheke. Kupanda kwa raha bila kujua aliyepanda kwa shida ni aibu kweli. Lakini angalieni swali lenyewe linatufundisha nini. Kama mama anapanda kila siku na mzigo wa mihogo, yeye njo mwenye hesabu. Yule mwenye kusukuma baiskeli ya mafuta ya mawese kutoka Wamaza, yeye anajua mahali kilima kinakata pumzi. Muulize: toka hapa mpaka kisima, na mzigo, unatoka saa ngapi, unafika wakati gani? Jibu lake lina nyasi ndani, lina matope, lina mteremko, lina mtoto mgongoni. Naismith aliandikia wanaume. Hawa mama wangeandika kanuni ya Kabambare bora kuliko yeye. Hakuna aliyewauliza. Na siye wenye diploma tunapita mbele yao tukiangalia telefoni.

Mpango mzuri ungekuwaje

Ungeandikwa kutoka nyuma kwenda mbele. Mwisho kwanza: saa kumi jioni kila mtu yuko kijijini, si saa kumi na mbili. Yale masaa mawili yanayobaki ni ya ajali. Kutoka pale unarudi nyuma mpaka unapata saa ya kugeuka: kwa mfano, saa sita mchana popote tulipo tunageuka, hata kama kilele kiko mbele ya pua. Ile saa inaandikwa, inasomwa mbele ya wote, na hakuna yaya wala mkubwa wa kundi mwenye ruhusa ya kuibadilisha akiwa juu.

Kasi inahesabiwa kwa mtu wa mwisho, si wa kwanza, na yeye anatembea mbele. Kati ya kilele na kilele kunaandikwa njia ya kushuka haraka na kijiji kilicho chini yake, pamoja na jina la kapita aliyepashwa habari kabla. Maji yanaandikwa kwa visima ambavyo watu wamevithibitisha kiangazi hiki, kwa sababu mwezi wa nane chemchemi ya karta inaweza kuwa jiwe kavu. Nyasi zikiwa zimeungua njia inaonekana, lakini kivuli hakuna: ongeza maji. Mvua zikirudi, dhoruba inapenda kuja alasiri, na kilele si mahali pa kuingojea. Na kama kundi ni la kwanza, kilele kimoja kinatosha. Vitatu vitakuja.

Lakini jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Tuangalie tena Naismith alifanya nini. Alitembea milima ya nchi yake. Aliangalia saa. Aliandika umbali, kupanda, na muda. Akachapisha mistari michache mbele ya wenzake ili waijaribu. Basi. Kanuni inayoongoza dunia nzima ilianza kama habari ya siku moja ya mtu mmoja kwao. Hakuwa na satelaiti wala telefoni. Siye tunazo, na hatujaandika hata siku moja.

Njo maana ninasema tumeacha kazi yake. Kwa kila matembezi, mtu mmoja awe na daftari: tuliondoka saa ngapi, watu wangapi, mvua ao jua, nyasi zimeungua ao hapana, kilomita, mita za kupanda, tulifika lini, na nani alituchelewesha bila kumtaja kwa aibu. Aandike pia saa aliyoambiwa na mwenyeji kabla ya kuondoka. Kiangazi kimoja hakitatosha. Lakini baada ya viangazi vitatu ao vine, tukiweka daftari za Kasongo na za Kabambare pamoja, tutaweza kuandika mistari yetu michache: kwetu, kundi la watu wanane, nyasi zimeungua, kilomita moja ni dakika ngapi, na masharti yake haya hapa. Halafu mtu wa Uvira ao Kigoma aijaribu, atuambie wapi tumekosea.

Kabla ya hapo, mwenzangu akituma mpango wa vilele vitatu kwa masaa matatu na dakika 54, ninaomba tumuulize swali moja tu, kwa heshima: dakika 54 za nani?